Mlezi Si Mwenye Mali: Somo kwa Familia za Wanamichezo Chipukizi

Kila msimu wa michezo ya shule unapokaribia kwisha, kuna nyumba ambazo huanza kupokea wageni. Huja kocha wa timu ya mjini. Huja mtu anayejitambulisha kuwa wakala. Huja jamaa wa mbali ambaye hajaonekana tangu matanga ya mwaka juzi. Wote wamemwona mtoto mmoja akikimbia au akicheza, na wote wanasema wanataka kumsaidia.

Mara nyingi msaada huo ni wa kweli. Wako vijana wengi waliofika mbali kwa sababu mtu fulani aliwapa kitanda, chakula, viatu na karo. Hata hivyo, kipaji kikianza kuleta pesa, wema peke yake hautoshi kulinda haki ya mtoto. Migogoro mingi huanza kwa watu waliopendana, wala si kwa wezi wageni.

Somo hili linahusu maswali manne ambayo kila familia inapaswa kuyajibu kabla ya kumkabidhi kijana kwa mtu mwingine. Ni nani atakayeshika pesa za mtoto? Amepewa mamlaka hayo na nani? Mamlaka hayo yatakwisha lini? Na hesabu atamtolea nani? Kesi mbili zilizofika mahakamani nchini Marekani zinaonyesha kinachotokea maswali haya yasipoulizwa mapema. Baada ya hapo somo linaeleza sheria za Kenya na hatua ambazo mkazi anaweza kuchukua.

KESI YA KWANZA: KARATASI YA MEMPHIS

Michael Oher alizaliwa mwaka 1986 katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee. Alitoka katika familia ya watoto 12, na mama yake alitatizwa na dawa za kulevya. Mtoto alilelewa katika nyumba mbalimbali, na nyakati nyingine hakuwa na mahali pa kudumu pa kulala.

Alipokuwa katika shule ya upili, familia moja yenye uwezo, ya Sean na Leigh Anne Tuohy, ilimkaribisha nyumbani kwao. Ilimvisha, ikamlisha na kumtafutia mwalimu wa masomo ya ziada. Oher alijiunga na Chuo Kikuu cha Mississippi na kuchezea timu yake ya futiboli ya Marekani. Mwaka 2009 alichaguliwa na timu ya kulipwa ya Baltimore Ravens, na mapema mwaka 2013 alishinda Super Bowl akiwa nayo.

Maisha yake yaliandikwa katika kitabu mwaka 2006, kisha yakatengenezewa filamu ya The Blind Side mwaka 2009. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 300, na Sandra Bullock, aliyeigiza kama Leigh Anne Tuohy, akashinda tuzo ya Oscar. Watazamaji wengi walitoka ukumbini wakiamini kwamba familia ile ilikuwa imemuasili Oher, yaani ilikuwa imemfanya mtoto wake kisheria.

Mwezi Agosti 2023 Oher, akiwa na umri wa miaka 37, alifungua kesi katika mahakama ya mirathi ya Shelby County, eneo ambalo mji wa Memphis uko. Alisema kwamba yeye pia aliamini hivyo kwa miaka mingi, hadi alipobaini mwezi Februari mwaka huo kwamba karatasi ya mwaka 2004 haikuwa ya kuasiliwa. Ilikuwa karatasi ya kuwafanya Sean na Leigh Anne Tuohy wasimamizi wake wa kisheria.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa. Anayeasiliwa huwa mtoto wa familia, mwenye haki za mtoto, na akiwa mtu mzima hufanya mikataba yake mwenyewe. Anayewekwa chini ya usimamizi wa kisheria hapati undugu wowote. Anachopata ni mtu wa kumwamulia. Kwa kawaida usimamizi wa aina hii hutumika kwa mtu mzima ambaye ugonjwa au ulemavu umemfanya ashindwe kuendesha mambo yake. Oher alikuwa ametimiza miaka 18 mwezi Mei 2004, na karatasi zenyewe zilikiri kwamba hakuwa na ulemavu wowote unaojulikana wa mwili wala wa akili. Hata hivyo, agizo lilisema asifanye mkataba wowote bila idhini ya wasimamizi wake.

Oher alidai kwamba familia hiyo ilitumia jina lake na hadithi ya maisha yake kujipatia pesa, na kwamba katika mapato ya filamu alipunjwa. Familia ya Tuohy ilikana. Ilieleza kwamba mawakili waliishauri ichukue njia ya usimamizi kwa sababu Oher alikuwa ameshatimiza miaka 18, na pia kwa ajili ya kanuni za michezo ya vyuo, kwa kuwa familia hiyo ilikuwa mfadhili wa chuo alichotaka kujiunga nacho. Ilisema pia kwamba pesa za filamu ziligawanywa sawa kwa watu watano, Oher akiwa mmoja wao, na katika hesabu iliyopelekwa mahakamani ilionyesha kwamba fungu lake lilikuwa zaidi ya dola 138,000.

Tarehe 29 Septemba 2023 jaji aliukomesha usimamizi huo. Alisema kwamba katika miaka yake 43 ya kazi ya sheria hakuwahi kuona mtu asiye na ulemavu akiwekwa chini ya usimamizi wa namna hiyo. Agizo hilo lilikuwa limedumu karibu miaka 19. Oher alikuwa amemaliza chuo, amecheza ligi ya kulipwa, ameacha mchezo, na bado karatasi ile ilikuwa hai. Lakini amri hiyo haikuamua suala la pesa, na madai ya hesabu yalibaki mbele ya mahakama.

Msomaji hahitaji kuamua ni nani mkweli katika kesi hiyo ili apate funzo. Ikiwa familia ilikuwa na haki, basi daftari lililotolewa kila mwaka lingeilinda dhidi ya aibu iliyoipata mbele ya dunia nzima. Ikiwa Oher ndiye aliyekuwa na haki, basi daftari hilo hilo lingemjulisha mapema, akiwa na miaka 20 badala ya 37. Sheria ya Tennessee huwataka wasimamizi kutoa hesabu kila mwaka. Oher alilalamika kwamba kwa muda wote huo hesabu hiyo haikutolewa.

KESI YA PILI: BINTI WA HOUSTON

Huenda mtu akasema kwamba Oher alidanganyika kwa sababu walezi wake hawakuwa wazazi wake wa damu. Kesi ya pili inajibu hoja hiyo.

Dominique Moceanu, binti wa wahamiaji kutoka Romania, alikuwa na umri wa miaka 14 alipoisaidia timu ya Marekani kushinda dhahabu ya jimnastiki katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Alikuwa mdogo kuliko wenzake wote katika timu hiyo. Pesa za matangazo na maonyesho zilikuwa zikiingia, na wazazi wake ndio waliozishika. Baba yake alijenga ukumbi mkubwa wa jimnastiki karibu na mji wa Houston, jimbo la Texas.

Mwezi Oktoba 1998, akiwa na miaka 17, Moceanu alitoroka nyumbani na kwenda mahakamani. Aliiomba mahakama imtangaze kuwa mtu mzima kabla ya kutimiza miaka 18, ili aweze kusimamia mali yake mwenyewe. Alidai kwamba baba yake alikuwa ametapanya mapato yake, na kwamba yeye mwenyewe hakujua ni kiasi gani kilichobaki. Kabla mwezi huo haujaisha, wazazi walikubali na mahakama ikatoa tamko hilo.

Jambo la kuzingatia hapa ni swali alilopeleka mahakamani. Binti aliyefanya mazoezi tangu utotoni, aliyekuwa na nishani ya dhahabu ya Olimpiki, hakuweza kupata nyumbani kwao jibu la swali jepesi: pesa zangu ni ngapi, na ziko wapi? Ilibidi aende kumuuliza jaji.

DAWA ILIYOPATIKANA CALIFORNIA

Tatizo hili ni la zamani. Katika miaka ya 1920 mtoto mwigizaji Jackie Coogan alikuwa nyota wa sinema nchini Marekani na alipata mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima aligundua kwamba mama yake na baba yake wa kambo walikuwa wamezitumia karibu zote. Aliwashtaki mwaka 1938, lakini sheria ya wakati huo ilihesabu mapato ya mtoto kuwa ya wazazi. Mwishowe alipata takriban dola 126,000 tu.

Kilio cha umma kilileta sheria mpya katika jimbo la California mwaka 1939, ambayo hadi leo huitwa kwa jina la Coogan. Kwa mujibu wa sheria hiyo kama ilivyo sasa, mapato ni mali ya mtoto aliyeyatolea jasho, na asilimia 15 ya mapato yote ya mikataba inayohusika huwekwa katika akaunti maalumu ambayo mzazi hawezi kuigusa hadi mtoto akue. Kanuni hiyo inawahusu pia watoto wanaolipwa kwa kucheza michezo.

Sheria hiyo haifanyi kazi Kenya, lakini wazo lake linaweza kutumiwa na familia yoyote: sehemu ya pesa iwekwe kando siku ile ile inapoingia, kabla ya mtu yeyote kuanza kuitumia.

SHERIA YA KENYA INASEMA NINI

Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Kifungu hicho kinamkinga mtoto pia dhidi ya kazi ya hatari na ya kinyonyaji. Mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, hata kama ana kimo cha mtu mzima na anawashinda watu wazima mbio.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaeleza wajibu wa wazazi na walezi. Mzazi ana haki ya kupokea na kusimamia mali ya mtoto, lakini kwa faida ya mtoto huyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mzazi anayepokea zawadi ya mbio ya bintiye ameshika amana. Si mshahara wake.

Mtu asiye mzazi anaweza kuwa mlezi wa kisheria akiteuliwa na mzazi kwa wosia au hati, au akiteuliwa na mahakama. Kumpeleka kijana kambini, kumlipia karo au kuishi naye nyumba moja hakumfanyi mtu kuwa mlezi wa kisheria. Kocha ambaye kijana humwita “baba” bado ni kocha mbele ya sheria.

Mlezi aliyepewa jukumu la kusimamia mali ya mtoto anapaswa kuilinda na kutoa hesabu kila mwaka. Mahakama inaweza kumtaka alete hesabu wakati wowote. Akiifuja mali hiyo au akaiacha ipotee kwa uzembe, anaweza kushtakiwa na kutakiwa kuilipa. Mahakama pia inaweza kumwondoa.

Ulezi huo hukoma mtoto anapotimiza miaka 18, isipokuwa mahakama iongeze muda kwa sababu maalumu, kwa mfano kijana ambaye kwa sababu ya ulemavu au maradhi hawezi kujisimamia. Kwa mtu mzima mwenye akili timamu, hakuna mtu anayeweza kuchukua mamlaka juu ya pesa zake kwa sababu tu alimlea. Usimamizi wa mali ya mtu mzima huamuliwa na mahakama, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, pale inapothibitika kwamba mtu huyo hawezi kuendesha mambo yake. Kwa hiyo kijana anayeletewa karatasi ya “msimamizi” wiki moja baada ya kupata kitambulisho ana kila sababu ya kuuliza kwa nini.

Kuhusu kandanda, kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Aidha, uhamisho wa mchezaji kwenda klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na kanuni hizo. Anayemwahidi mzazi kwamba atampeleka mtoto wa miaka 15 kucheza Ulaya mwezi ujao anapaswa kuonyesha ni hali ipi kati ya hizo inayomruhusu.

MAHALI PESA ZINAPOPOTEA

Mara nyingi kijana ambaye hajapata kitambulisho cha taifa hana laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Zawadi yake hutumwa kwa simu ya mtu mzima: mzazi, mwalimu, kocha au kaka. Hapo ndipo mambo mengi huharibika, wakati mwingine bila nia mbaya. Pesa za mtoto huchanganyika na pesa za mboga, za mbolea na za deni la duka. Baada ya miezi mitatu hakuna anayeweza kutenganisha kipi kilikuwa cha nani.

Mahali pa pili ni shamba. Familia nyingi hununua shamba kwa zawadi ya kwanza kubwa, na huo ni uamuzi mzuri. Lakini hati ikiandikwa kwa jina la mjomba au kocha peke yake, bila maandishi yoyote yanayoonyesha kwamba anaishikilia kwa niaba ya kijana, hiyo ni kesi inayosubiri wakati wake.

Mahali pa tatu ni mkataba wenyewe. Mzazi huwekewa karatasi za lugha asiyoielewa, akaambiwa gari linangoja na ndege haisubiri mtu. Mkataba wa haki hauharibiki kwa kulala nyumbani usiku mmoja au kusomwa na wakili.

DAFTARI LA MTOTO

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo si lazima liwe la kitaalamu. Daftari la shule lenye mistari linatosha, mradi kila ukurasa uwe na tarehe, kiasi, sababu na sahihi.

Kwa mfano, kijana wa miaka 17 amepata zawadi ya shilingi 400,000 katika mbio. Ukurasa wake unaweza kuwa hivi:

Pesa zilizoingia: shilingi 400,000.
Malipo ya wakala, asilimia 15 kwa mujibu wa mkataba: shilingi 60,000.
Viatu vya mazoezi na vya mashindano: shilingi 18,000.
Nauli na malazi ya mashindano: shilingi 22,000.
Karo ya muhula: shilingi 50,000.
Jumla ya matumizi: shilingi 150,000.
Zilizowekwa benki katika akaunti ya mtoto: shilingi 250,000.

Chini yake huwekwa risiti, na hufuata sahihi tatu: ya aliyeshika pesa, ya shahidi asiye na faida katika jambo hilo, na ya kijana mwenyewe. Sahihi ya kijana ina kazi muhimu. Inamzoesha kuzijua hesabu zake kabla hajafika umri wa kuzibeba peke yake. Moceanu alikuwa na kocha wa kila kitu isipokuwa hilo.

Familia inaweza kukubaliana kwamba sehemu ya pesa isaidie nyumba. Kijana anayekula katika chungu cha familia si vibaya akichangia chungu hicho. Lakini mchango huo nao uandikwe, kiasi kijulikane, na kijana aulizwe. Kinachovunja familia ni kutojua kuliko kutoa.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kwanza, mzazi afungue akaunti ya benki kwa jina la mtoto mara tu zawadi zinapoanza kuja. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho cha mzazi ni miongoni mwa vitu vinavyohitajika. Pale inapowezekana, utoaji wa pesa uhitaji sahihi za watu wawili.

Pili, makubaliano na kocha, kambi au mfadhili yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Yaeleze kijana atapewa nini, ni gharama zipi zitakazokatwa kutoka zawadi zake, asilimia ngapi, na kwa muda gani. Msaada uliotolewa kama zawadi usigeuke kuwa deni siku kijana anaposhinda.

Tatu, mzazi asitie sahihi karatasi asiyoielewa, na asimtilie kijana sahihi. Aombe nakala, aende nayo nyumbani, ampe mtu mwingine aisome. Karatasi ikitaja ulezi, usimamizi, uwakilishi au kuasili, ipelekwe kwa wakili, kwa kuwa kila neno kati ya hayo lina maana yake.

Nne, kijana akitimiza miaka 18, kufanyike kikao cha makabidhiano. Daftari lisomwe, salio lionyeshwe, akaunti ihamishiwe kwake, na mikataba yote iangaliwe upya. Mlezi mwema hutoka katika kikao hicho na heshima yake, kwa sababu hana cha kuficha.

DALILI ZA HATARI

Wakazi wanashauriwa kuwa macho wanapoona mambo yafuatayo:

• Mlezi au kocha anakasirika akiulizwa hesabu, au anajibu kwa kutaja mema aliyomtendea mtoto.
• Cheti cha kuzaliwa, pasipoti au kadi ya benki ya kijana imeshikwa na mtu mwingine, na kijana haruhusiwi kuichukua.
• Kijana anashinda mara kwa mara lakini hajui zawadi yake ilikuwa kiasi gani.
• Umri wa mtoto umebadilishwa katika karatasi.
• Kijana amekatazwa kuzungumza na wazazi wake au na mwalimu wake wa zamani.
• Kijana ameachishwa shule ili mashindano yasikatizwe.

PA KUPATA MSAADA

Mahali pa kwanza ni ofisi ya watoto katika kaunti ndogo. Afisa wa watoto ana mamlaka ya kufuatilia malalamiko kuhusu mtoto, na anaweza kulipeleka jambo katika Mahakama ya Watoto. Chifu na naibu wake wanaweza kumwelekeza mkazi kwenye ofisi hiyo.

Nambari 116 ni ya simu ya kuwasaidia watoto na hupigwa bila malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, na jirani pia anaweza.

Kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Kwa mizozo ya wanamichezo na mashirikisho yao, Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda jopo la kutatua mizozo ya michezo. Pale pesa zilipoibwa, au sahihi ilipoghushiwa, jambo hilo ni la polisi, na mkazi anapaswa kuandikisha ripoti na kuchukua nambari yake.

Anayekwenda katika ofisi yoyote kati ya hizo abebe alichonacho: daftari, nakala ya makubaliano, ujumbe wa simu unaoonyesha pesa zilivyoingia, matokeo ya mashindano. Malalamiko yenye karatasi husikilizwa haraka kuliko malalamiko ya mdomo.

MASWALI YA MJADALA

Maswali haya yanaweza kutumiwa katika baraza, kikao cha wazazi shuleni, au kikundi cha vijana.

1. Kocha amemlisha na kumlaza kijana kwa miaka mitatu bila malipo. Kijana ameshinda zawadi yake ya kwanza kubwa. Je, kocha ana haki ya kudai sehemu? Kama ndiyo, kiasi hicho kilipaswa kukubaliwa lini?

2. Baba ameuza ng'ombe wawili ili kumpeleka bintiye mashindanoni. Binti akishinda, je, bei ya ng'ombe hao ni gharama ya kuandikwa katika daftari, au ni wajibu wa mzazi?

3. Katika kesi ya Memphis, ni lini kati ya mwaka 2004 na 2023 swali la hesabu lingeweza kuulizwa bila kufika mahakamani? Nani angeliuliza?

4. Katika kijiji au mtaa huu, ni kijana yupi anayecheza au kukimbia kwa pesa hivi sasa, na ni nani anayejua akaunti yake iko wapi?

Swali la mwisho lisijibiwe hadharani. Kila mmoja arudi nalo nyumbani, na ikiwa kijana huyo yuko chini ya paa lake, daftari lifunguliwe jioni hiyo hiyo.